Bata wa Uani: Maji Nje, Ukavu Ndani

Mtu wa Mombasa akitaka kufuga bata, swali lake la kwanza huwa: "Na bwawa nilitoe wapi?" Uwanja wa Mishomoroni au Mikindani ni hatua kumi kwa nane, maji yenyewe hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, halafu achimbe bwawa! Bata wa nyumbani hahitaji bwawa. Anahitaji chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo mzima, matundu ya pua hadi macho, maana ndivyo anavyojisafisha. Karai au beseni la kina cha sentimita 12 hivi latosha. Akinyweshwa kwenye kisahani cha kuku, macho huanza kutoa tongotongo na pua huziba makombo ya chakula.

Kazi ngumu si kumpa maji bali kuyazuia yasiingie bandani. Bata hanywi kwa adabu: hutikisa kichwa, hupanda ndani ya beseni, kisha huenda kulala na miguu yake ya tope. Mabanda mengi yanayonuka hapa mjini wenyewe si wavivu. Wameweka beseni ndani, basi. Joto la kaskazi likikutana na kinyesi kilicholowa, hewa kali ya amonia hupanda, macho ya bata huwasha, na majirani nao huanza maneno. Chakula na maji yakae nje mchana. Usiku bata wakubwa walale bila vyote viwili, mradi wafunguliwe mapema asubuhi na wakute maji yako tayari. Usiwape chakula kikavu bila maji karibu, kitawakwama kooni.

Mahali pa beseni chimba shimo la mita moja kwa moja, kina cha futi moja, ulijaze kokoto, juu ulaze fremu ya fito zilizokaribiana. Yanayomwagika yatazama badala ya kufanya dimbwi. Ukiliweka karibu na mgomba utaona mgomba huo unavyonawiri. Maji yabadilishwe kila siku, na si kwa ajili ya bata tu. Homa ya chikungunya ilipoisumbua Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018, mbu wanaoieneza walikuwa wale wanaozaliana katika maji yaliyotuama kwenye vyombo vya majumbani. Beseni linalomwagwa kila asubuhi haliwapi muda huo.

Jambo jingine la maji ni chumvi. Visima vingi vya kisiwani na kandokando ya bahari vina maji ya munyu. Bata mkubwa huyastahimili kiasi, lakini kifaranga hudhoofika upesi na hata kufa. Ya kisima yaoshee banda. Vifaranga wanunulie ya mtungi. Hawanywi mengi.

Banda lenyewe ni jepesi. Nguzo za boriti, paa la makuti au mabati yaliyofunikwa makuti, ukuta wa kufika kiunoni, na juu yake waya hadi paani ili hewa ipite. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie ndani mchana kutwa. Upande wa kusini teremsha paa au uandae pazia la gunia, kwa sababu mvua ya masika huja na upepo wa kusi na hupiga kwa mshazari. Bata watatu wakubwa kwa kila mita moja ya mraba, si zaidi. Mlango uwe mpana, maana bata hutoka wote kwa mkupuo kama abiria wa feri ya Likoni, na wembamba huvunja miguu. Sakafu iinuliwe kidogo kuliko uwanja. Kama chini ni jiwe la matumbawe lililochongoka, mwaga udongo au mchanga wa shimoni kwanza, kwani nyayo za bata ni laini na jeraha dogo huvimba likawa jipu. Juu tandaza maranda au makumbi yaliyochambuliwa. Palipolowa paondolewe siku hiyohiyo.

Kuhusu aina, mimi kwa uwanja mdogo huchagua Muscovy, yule mwenye vinundu vyekundu usoni ambaye wengi humwita bata wa kienyeji ingawa asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hana kelele, hupuliza tu, na hula nzi. Jike huruka, kwa hiyo punguza manyoya marefu ya bawa moja, na urudie kila anapoota mapya. Dume mmoja kwa majike wanne au watano. Akipandana na bata wa aina nyingine, watakaozaliwa watakuwa wanene lakini mayai yao hayataangua.

Sasa chicha, yale mabaki ya nazi iliyokunwa na kukamuliwa tui. Nyumba gani ya Pwani haikuni nazi? Chicha ni chakula kizuri, kina mafuta na kinashibisha, ila peke yake hakimkuzi bata; kichanganye na pumba, dagaa au matumbo ya samaki yaliyochemshwa, na majani ya mchicha. Kisilale. Kwa joto letu chicha cha mchana kikifika kesho asubuhi kimeshachacha, na kikikaa zaidi huota ukungu. Bata ni miongoni mwa ndege wanaoumizwa zaidi na sumukuvu. Sumu hiyo yenyewe ilikuja kujulikana baada ya bata mzinga na vifaranga wa bata kufa kwa wingi Uingereza mwaka 1960, walipolishwa mashudu ya karanga yaliyoingia ukungu. Mahindi yaliyovunda ambayo watu hawawezi kuyala, usiseme "si yatawafaa bata?" Hayawafai.

Vifaranga wa bata huhitaji vitamini ya niasini zaidi kuliko wa kuku. Wakilelewa kwa chakula cha vifaranga wa kuku pekee, miguu hupinda. Kipondo cha dagaa kila siku husaidia sana.

Maradhi si mengi bata akikaa pakavu. Mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle unaoua kuku, mara nyingi haumwangushi, lakini anaweza kuubeba, kwa hiyo kuku wa uwanja huohuo wachanjwe. Usimwache achokore mitaroni: mizoga inayooza hutoa sumu inayolegeza shingo hadi kichwa kinalala chini. Ukimwona hivyo, mtenge, mpe maji safi na umwite daktari wa mifugo.

Kwenye kuatamia ndipo wengi hupoteza mayai. Kuku ni siku 21, bata wengine 28, Muscovy 35. Watu huyatupa siku ya 30 wakidhani ni viza. Andika tarehe ukutani kwa mkaa. Jike awekewe kasha la embe pembeni penye giza, na asisumbuliwe.

Wakishatoka, adui wa kwanza ni kunguru. Serikali ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja nchini, lakini wa juu ya mwarobaini wako bado yupo, na kifaranga wa bata humnyakua mama akitazama. Wiki nne za mwanzo wafungie ndani ya tenga au chini ya waya wa nusu inchi. Walioanguliwa na kuku wasiachwe waogelee, kwani hawajapakwa mafuta ya manyoya ya mama bata. Hulowa, hupoa na kufa kwenye beseni lilelile uliloliweka kwa mapenzi.