Namna ya Kumfundisha Mtoto wa Kifulbe Kurani na Lugha ya Mama kwa Pamoja

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa madrasa na watumishi wa miradi ya elimu kutoka Afrika Mashariki wanaokwenda kufanya kazi na Wafulbe, yaani Wafulani, wa Guinea, Senegali, Mali, Nigeria au Kamerun. Mgeni akiambiwa kwamba watoto wanahitaji elimu ya dini na elimu ya lugha ya mama, aghalabu huanza kupanga vipindi viwili, vitabu viwili na walimu wawili, na hapo huwa ameshakosea njia. Katika vyuo vya Kurani vya Wafulbe, Kifulfulde, yaani lugha yao ya mama, ndicho kinachotumika kufafanua maana, na hakikuanza jana. Huko Futa Djallon, nyanda za juu za Guinea, Muhammadu Samba Mombeya, mwanachuoni aliyefariki katikati ya karne ya 19, alitunga utenzi wa kufundisha dini kwa lugha hiyo ili wasiojua Kiarabu waielewe imani yao. Usman dan Fodio (1754–1817), mwanachuoni aliyeasisi dola ya Sokoto katika Nigeria ya leo, na binti yake Nana Asma'u (1793–1864) nao walitunga mashairi ya mafunzo kwa Kifulfulde. Kwa hiyo kazi yako ni kukipa nafasi kubwa zaidi na ya mapema zaidi kile kilichokwisha kuwapo.

Anza kwa kumtembelea mwalimu wa mahali hapo kabla hujaitisha mkutano wowote. Mwite kwa cheo anachoitwa na watu wake: karamoko au ceerno katika Futa Djallon, ceerno katika Futa Toro, kwenye bonde la mto Senegali, moodibbo katika Macina ya Mali na Adamawa ya Nigeria na Kamerun. Omba ruhusa ya kukaa darasani ukimsikiliza, usiulize kwanza juu ya mtaala. Huko Futa Djallon utakuta hatua zinazofuatana, kila moja ikiwa na jina lake: jangugol, ambayo ni kusoma, windugol, kuandika, kisha firugol, kufasiri. Watoto wengi huacha chuo kabla ya kufika firugol, wakiwa wamehifadhi sura nyingi bila kupata maana yake. Badiliko moja ninalolipendekeza kwa nguvu zote ni kuileta mapema zaidi sehemu ndogo ya hatua hiyo ya tatu. Kila mtoto anapomaliza sura fupi, mwalimu amweleze maana yake kwa sentensi mbili tatu za Kifulfulde, naye azirudie kwa maneno yake mwenyewe. Maelezo hayo yatoke kinywani mwa mwalimu wa mahali hapo. Hata ukiwa hodari wa tafsiri, tafsiri yako ya Kiswahili iliyogeuzwa kuwa Kifulfulde haitafaa.

Hapa panahitaji uangalifu mkubwa kwa mtu aliyesomea pwani yetu. Wafulbe husoma Kurani kwa riwaya ya Warsh, mojawapo ya njia za kuisoma Kurani zilizopokewa tangu zamani, ilhali misahafu mingi tunayoitumia sisi ni ya riwaya ya Hafs. Katika mwandiko wao wa Kimaghribi, yaani wa Afrika ya kaskazini-magharibi, herufi fa huwa na nukta chini, na qaf huwa na nukta moja tu juu, hivyo qaf yao ni fa machoni mwako. Katika Al-Fatiha utamsikia mtoto akisoma «maliki yaumi d-din» kwa ma fupi, nawe umezoea kuivuta. Usimsahihishe, kwa sababu amesoma sawasawa. Usigawe misahafu ya Hafs kama zawadi, maana mtoto anayeanza kujifunza herufi atachanganyikiwa, na mwalimu wake ataonekana mbele ya wazazi kana kwamba alikuwa akikosea miaka yote. Hali ni hiyo hiyo katika fikihi. Wao ni wa madhehebu ya Maliki, na kitabu chao cha awali cha ibada mara nyingi ni kile kifupi cha al-Akhdari. Ukiwaona watoto wanasali mikono ikiwa imeachwa ubavuni, hilo si kosa la kurekebishwa na mgeni wa madhehebu ya Shafi.

Baada ya hapo njoo kwenye maandishi. Mtoto aliyekwisha kusoma ubao wake, alluwal, ana herufi za Kiarabu mkononi, na ni upotevu kumwanzishia alfabeti nyingine wakati hizo zinatosha kuandika lugha yake. Mpe sentensi za Kifulfulde kwa herufi hizo hizo, kama wazee wetu walivyoandika tenzi za Kiswahili. Ugumu uko kwenye irabu, kwa kuwa Kiarabu kina alama tatu na Kifulfulde kina irabu tano. Kwa kawaida e huonyeshwa kwa nukta chini ya herufi, na o hushirikiana na u alama ya dhumma, kwa hiyo msomaji huamua kwa kuitazama sentensi nzima. Muulize mwalimu anavyoandika yeye, kisha nyote mshike njia hiyo moja.

Sauti nazo zitakusumbua wewe kuliko watoto. Kifulfulde kinatenganisha b ya kawaida na ɓ inayotamkwa kwa kuvuta hewa ndani, vilevile d na ɗ. Sisi tunazo zote mbili bila kujijua: b ya «baba» inakaribia ɓ, na ile ya «jambo» inakaribia b. Jizoeze kwa neno ɓiɗɗo, mtoto, mpaka wanafunzi waache kucheka. Ngeli pia zitakupa faraja, ingawa alama zake huja mwishoni mwa neno, na mara nyingi herufi ya mwanzo nayo hugeuka katika wingi: pullo mmoja, fulɓe wengi, gorko, mwanamume, na worɓe, wanaume. Kwa sababu hiyo andika umoja na wingi bega kwa bega ubaoni, kwani mtoto akifundishwa umoja peke yake hatalitambua neno hilo hilo atakapolikuta katika wingi.

Herufi za Kilatini, zilizowekewa utaratibu katika mkutano wa Bamako wa 1966, zije mtoto anapokaribia shule ya serikali. Nchini Guinea utakuta pia familia zinazotumia ADLaM, alfabeti iliyobuniwa mwaka 1989 na ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, wakiwa bado vijana, na ambayo tangu 2016 imo katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta na simu. Wazazi wakiitaka, ifundishwe. Inasomwa kutoka kulia, kwa hiyo macho ya mtoto wa chuoni yameshaizoea.

Wakati wa masomo upangwe kwa kufuata mifugo. Watoto wa wafugaji wanaohama huondoka na ng'ombe, kwa hiyo darasa la jengo moja halitawafaa. Afadhali mwalimu anayehama na kambi. Kwa waliotulia, alfajiri na jioni ndizo saa za kale za kusoma, watoto wakiuzunguka moto uitwao dudal kwa kuni walizoziokota wenyewe. Jioni hiyo ni nafasi nzuri ya hadithi na vitendawili vya Kifulfulde, ambavyo Wafulbe wengi hawavisimulii mchana.

Mtoto akiinamisha macho na kunyamaza unapomuuliza, hiyo ni haya aliyofunzwa nyumbani. Uliza kundi zima, au mwache amweleze mwenzake. Wasichana wapewe mwalimu mwanamke pale anapopatikana, na mfano wa Nana Asma'u, aliyewafundisha wanawake na kuwatuma wakawafundishe wenzao, utakusaidia ukikutana na mzazi anayesita. Ujira wa mwalimu wazazi waukubali waziwazi tangu mwanzo, uwe nafaka, mifugo au fedha, ili watoto wasije wakatumwa kuomba barabarani kwa ajili yake.

Kupima maendeleo, msikilize mtoto mbele ya wazazi wake: asome sura moja, aeleze maana yake kwa Kifulfulde, kisha asome barua fupi ambayo hajawahi kuiona, iliyoandikwa na jamaa aliyekwenda mbali pamoja na ng'ombe.