Daraja la Kikafu halikukatika: namna ninavyokagua video kabla ya kuisambaza

Masika yaliyopita mikungu yangu 40 ya mshare ililala Mbuyuni, hapa Moshi, kwa sababu ya video ya sekunde 8. Ndani yake daraja la Kikafu, la barabara ya Moshi kwenda Arusha, limekatika, maji ya matope yanapita juu, mwanaume anapaza sauti kwamba Arusha hakwendeki. Mteja wangu wa soko la Kilombero, kule Arusha, akachukua mzigo kwa mwingine. Asubuhi dereva wa Coaster akaniambia alivuka pale jioni ileile, salama kabisa.

Siku hizi kitu cha kwanza ni simu kwa mtu aliye huko. Sikuulizi kama umesikia, nakuuliza: "Umeona mwenyewe?" Kwenye kundi namuuliza aliyetuma, "Dada, umeitoa wapi?" Asipojua, inaishia kwangu. Na ukiona mishale miwili ya WhatsApp juu ya ujumbe, ujue umeshapita mikono mingi kabla ya kukufikia.

Picha naitafuta kwa Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana mtandaoni. Ikiwa ya mafuriko ya zamani, mara nyingi inajitokeza. Ila iliyotengenezwa na akili mnemba jana huenda isionekane popote, kwa hiyo usipoipata usiseme basi ni ya kweli.

Ile video niliirudia polepole. Maandishi ubavuni mwa basi hayasomeki, na mtu anakanyaga maji yasiruke hata tone. Lakini jamani, msitegemee macho tu. Programu hizi za kutengeneza video zinazidi kuwa hodari, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitumia.

Sauti ndiyo inanitisha zaidi. Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu wakasikia sauti kama ya Rais Joe Biden ikiwazuia kwenda kupiga kura ya mchujo. Ilikuwa imetengenezwa. Kuiga sauti ya mtu, kipande kifupi tu alichorekodiwa kinatosha. Ndiyo maana kwenye kikoba chetu, mama mwenyekiti "akiomba" hela kwa sauti, hatutumi. Tunampigia kwenye namba yake tuliyoizoea, na lazima ataje neno letu la siri.

Kama umeshasambaza, usifute kimyakimya. Rudi kundi lilelile uandike: "Nilichotuma si kweli, daraja lipo." Mimi nilikuwa nimewatumia watu watatu, nikawapigia mmoja mmoja. Wa mwisho, shangazi wa Machame, alikuwa ameshaipeleka kwa wanakwaya wote. Tulikaa naye barazani tukawaandikia pamoja.