Mambo ya kuzingatia kabla hujawakalisha watu mezani kucheza D&D

Dungeons & Dragons (D&D) ni mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, mmoja anauendesha na wengine kila mtu anacheza mhusika wake, na dadu zinaamua kinachotokea. Kama unataka kuuendesha kwa mara ya kwanza usianze na vitabu, anza na watu. Kaa nao siku moja kabla, bila dadu wala nini, muulizane kila mtu anataka mchezo wa aina gani, mapigano mengi au maongezi mengi, siku gani, masaa mangapi. Wazoefu wanakiita kikao sifuri na mimi naamini hicho ndo kinaamua kama mtafika kikao cha kumi au mtaishia cha pili. Watu watatu mpaka watano wanatosha. Wakizidi hapo zamu inachelewa kurudi, mtu anashika simu, ushampoteza.

Kwenye hicho kikao ongeeni swala la uchawi mapema, hili kwetu ni zito kuliko watu wanavofikiri. Huu mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson, na kwenye mchezo wao wizadi (wizard, mhusika anayetumia uchawi) ni msomi tu mwenye kitabu chake, anakesha anasoma. Sasa wewe mwambie mtu kwa Kiswahili "utakuwa mchawi", anasikia kitu kingine kabisa, anamkumbuka bibi aliyefukuzwa kijijini. Hata hukohuko Marekani miaka ya 1980 kuna wazazi wengi waliuogopa wakasema ni mambo ya shetani. Mezani kwangu tulikubaliana tunasema wizadi basi, na mwenzetu mmoja akaomba mambo ya mtu kupandwa na mapepo yasiwepo, nikayatoa yote na hakuna aliyemuuliza kwanini. Na wewe usiulize. Pia weka mezani karatasi yenye alama ya X, wazo la mbunifu wa michezo John Stavropoulos, mtu akiigusa mnaruka hicho kipande mnaendelea.

Sheria za msingi zipo bure mtandaoni, usikope hela. Seti ya dadu ni saba, kuanzia ya pande 4 mpaka ya pande 20, na kama hamna dadu, simu inawarushia. Ila karatasi za wahusika print, umeme na bando vikikata mchezo unaendelea.

Alafu pigano la kwanza, hapa tafadhali kaa na kalamu upige hesabu. Mimi niliwawekea wachezaji wanne wa levo 1 (ngazi ya kuanzia) goblini wanne, nikaona ni sawa maana goblini ni kidudu kidogo, ana uhai 7 tu. Sikuangalia upande wa pili. Goblini kwa toleo la sheria la 2014 akipiga anapunguza uhai kwa d6 (dadu ya pande 6) jumlisha 2, yani kati ya 3 na 8, na wizadi wetu alikuwa na uhai 7, kwaiyo mishale miwili akawa chini hata hajacheza zamu yake, akabaki anarusha dadu ya pande 20 ya kuokoa roho, 10 na kuendelea umefaulu, chini ya 10 unakaribia kaburi, ukifeli tatu umekufa. Alikuwa ameandika kurasa mbili za historia ya huyo mhusika. Iliniuma sana. Siku hizi naanza na goblini wawili, alafu wachezaji wakimudu, goblini wengine wanatokea vichakani.

Stori usiiandike yote mpaka mwisho, andika tu nani anataka nini na atafanya nini wachezaji wasipomzuia, maana ukiandika kwamba lazima waende mnarani wao wataenda sokoni kununua punda. Ila majina andika hata ishirini pembeni ya daftari, watamuuliza jina kila muuza pombe, na huyo punda pia watampa jina.

Na waambie waje na penseli na ufutio, uhai unafutwa kila zamu.