Kabla ya kupiga picha za biashara yako, jua zitakaa wapi

Watu wengi huanza na nguo. Mimi ningeanza na karatasi: andika kila mahali picha zitakapotumika. Bango la juu la tovuti linataka picha ya kulala (pana kuliko urefu wake), yenye nafasi tupu upande mmoja ili maneno yapate pa kukaa. Picha ya wasifu mara nyingi hukatwa duara, kwa hiyo kichwa kisiguse ukingo. Kwenye mitandao ya kijamii, picha ya kusimama ya uwiano wa 4:5 (upana 4 kwa urefu 5) hujaza skrini ya simu vizuri kuliko ya kulala. Mpe mpiga picha orodha hiyo mapema, la sivyo utaletewa picha 60 nzuri zisizoingia popote.

Nguo sasa. Chagua rangi 2 au 3 zinazoelewana na nembo yako, na uepuke mistari myembamba iliyobanana. Kwenye kamera huweza kucheza kama mawimbi. Siku chache kabla, vaa kila kitu, kaa karibu na dirisha, zima taa za ndani (mwanga wa balbu ukichanganyika na wa jua, uso huwa na rangi mbili) na ujipige kwa simu. Hapo ndipo kola inayokaa upande hujitokeza.

Vifaa vya kushika? Chukua vile unavyovitumia kweli kazini. Mtu anayejifanya anachapa kwenye kompyuta iliyozimwa hujulikana mara moja.