Anza na Negativu: Kuhamishia Picha za Chumba cha Giza Kwenye Kompyuta

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, bahasha za studio zimehifadhi picha vizuri huku vipande vya filamu vilivyomo humo humo vikiwa vimesahaulika. Negativu, yaani vipande hivyo vya filamu, ndiyo asili, nayo hubeba maelezo mengi kuliko karatasi iliyochapishwa kutokana nayo, hasa penye kivuli kizito au mwanga mkali, hivyo ikiwapo uiskani kwanza. Karatasi ishughulikiwe pale negativu ilipopotea, au pale fundi wa chumba cha giza, aliyeichapa picha, alipoongeza giza angani au kung'arisha uso kwa mkono wake, kwa kuwa uamuzi huo haumo kwenye filamu.

Adui mkubwa wa kazi hii kiangazi ni vumbi. Piga deki, acha chumba kitulie, kisha ondoa vumbi kwa pampu ndogo ya mpira na brashi laini; usipulize kwa mdomo, kwani mate huacha madoa. Baadhi ya skana huondoa vumbi kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, lakini zima huduma hiyo unaposkani filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: chembe zake za fedha huizuia miale, na programu ikazifuta ikidhani ni uchafu.

Fremu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, hivyo ukiiskani kwa nukta 3200 kwa inchi utapata takriban pikseli 4500 kwa 3000. Karatasi ya sentimita 9 kwa 13 inatosheka na nukta 600. Hifadhi faili kuu katika TIFF ya biti 16, aina ya faili kubwa inayotunza maelezo yote, na nakala ndogo ya JPEG ndiyo uwatumie ndugu kwa simu. Skana isiyo na taa kwenye kifuniko haifai kwa negativu. Badala yake, weka kamera yenye lenzi ya karibu juu ya tableti inayoonyesha weupe mtupu, ukiinua filamu sentimita chache ili nukta za kioo zisionekane, kisha ugeuze rangi kwa programu. Maandishi yakisomeka kinyumenyume, filamu imelala upande usio wake.

Tukuyu na kwingineko penye mvua nyingi, picha huganda kwenye kioo cha fremu. Usiibandue, iskani pamoja na kioo chake. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza, basi itenge na nyingine na uitangulize. Mgongo wa karatasi nao uskaniwe, kwa sababu muhuri wa studio na majina yaliyoandikwa kwa kalamu mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee ya nani amesimama na nani, na humo ndimo utakapopata jina la faili, mfano 1974_Tukuyu_012.