Kufunga pedali za kliti nyumbani, na kazi kubwa iliyo chini ya kiatu

Kukaza pedali kwenye krenki, yaani mkono unaobeba pedali, ni kazi ya dakika kumi. Kinachokula jioni nzima, na ndicho kinachoamua kama magoti yatalalamika au la, ni kile kipande kidogo kinachofungwa chini ya soli. Wengi hugawa muda wao kinyume: hupambana na spana kwa saa nzima, kisha kliti wanazibandika kwa kukisia. Hapa tutaanza na pedali kwa sababu ndizo zinazotangulia, ila ukifika kwenye kliti punguza mwendo.

Kabla ya kununua

Pedali za kliti hushika kiatu kwa springi. Kliti, yaani kipande cha chuma au plastiki kilichofungwa kwenye soli, huingia kwenye mdomo wa pedali na kufunga kwa mlio. Ukizungusha kisigino kwenda nje, inaachia. Familia kubwa ni mbili. Ya bolti tatu ililetwa na kampuni ya LOOK mwaka 1984, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault alishinda Tour de France akiwa nazo; kliti yake ni ya plastiki, pana, imetokeza chini ya soli, kwa hiyo kutembea nayo ni taabu na sakafu laini inateleza. Ya bolti mbili ndiyo SPD ya Shimano, iliyotoka mwaka 1990. Kliti yake ni ya chuma, ndogo, na kwa kawaida inazama katikati ya meno ya soli, hivyo unatembea karibu kama kawaida.

Geuza kiatu uhesabu matundu kabla hujalipia pedali. Hata idadi ya matundu ikilingana, usidhani umemaliza: kliti ya LOOK Keo inakaa vizuri kwenye kiatu kilekile kinachopokea Shimano SPD-SL (mfumo wa bolti tatu wa Shimano), lakini haiingii kwenye pedali ya SPD-SL. Ni salama kufunga kliti iliyokuja ndani ya boksi la pedali zako. Kwa anayeanza, tunashauri bila kusita bolti mbili na pedali inayoshika pande zote mbili, kwa sababu mguu hautafuti upande ulio juu.

Upande wa krenki, karibu baiskeli zote za watu wazima zina hesi ya inchi 9/16, nyuzi 20 kwa kila inchi. Krenki za kipande kimoja, ambazo ziko kwenye baiskeli nyingi za watoto, zina tundu la inchi 1/2. Pedali ya 9/16 haiingii humo, na hakuna nguvu itakayoifanya iingie.

Vifaa ni hivi: spana ya mm 15 iliyo nyembamba (spana nene ya kawaida mara nyingi haipenyi kati ya pedali na krenki) au aleni (ufunguo wa pembe sita) ya mm 8, na kwa baadhi ya pedali mm 6, aleni ya mm 4 kwa bolti za kliti, aleni ya mm 3 kwa springi za SPD nyingi, grisi, kitambaa, mswaki mkuukuu na kalamu ya kuwekea alama. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiwa nayo ni vizuri zaidi, hasa kwenye kliti.

Kutoa pedali za zamani

Pedali ya kulia ina hesi ya kawaida. Ya kushoto ina hesi ya kinyume. Badala ya kukariri saa na kinyume cha saa, kariri hili moja: ukifungua, sehemu ya juu ya mzunguko inaelekea gurudumu la nyuma, kwa pande zote mbili, na iwe unatumia spana kwa nje au aleni kwa nyuma ya krenki. Ukikaza, inaelekea gurudumu la mbele.

Baiskeli isimame chini, si kichwa chini miguu juu. Hamisha cheni iende kwenye gia kubwa ya mbele ili meno yafunikwe. Spana ikiachia ghafla, vidole vitakutana na cheni badala ya meno makali. Sogeza krenki ya upande unaoufungua iangalie mbele, ikiwa sambamba na ardhi. Vika spana ili mpini uangalie nyuma ukifuata krenki, shika krenki ya upande wa pili isizunguke, kisha sukuma mpini kwenda chini. Kulia na kushoto ni hivyohivyo.

Ikigoma, usianze kupiga nyundo. Safisha kiungo kwa mswaki, nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu pande zote mbili za tundu, acha usiku kucha. Asubuhi hakikisha tena upande wa kuzungusha, kwa maana pedali nyingi zinazosemwa zimeganda zilikuwa zinakazwa tu. Kisha ongeza urefu wa mpini kwa kipande cha bomba. Mpini mrefu unaosukumwa polepole unashinda mpini mfupi unaopigwa.

Kwa nini kushoto hesi igeuzwe? Uzito wa mguu daima unasukuma chini, lakini krenki inazunguka, kwa hiyo sehemu ya tundu inayobanwa na ekseli (mhimili wa pedali) inahama kila wakati. Ekseli inabingirika kidogo sana ndani ya tundu, ikielekea kinyume cha sehemu hiyo inayohama. Kwa kulia mbingiriko huo unakaza hesi ya kawaida. Kwa kushoto ungeifungua, ndiyo maana hesi ikageuzwa. Msuguano wa beringi wenyewe unavuta upande wa kufungua, ila kwa beringi nzima ni mdogo mno. Beringi ikiganda kabisa, pedali inaweza kujifungua yenyewe barabarani. Pedali inayolegea mara kwa mara ingawa umeikaza vizuri, ichunguze beringi na hesi zake.

Kufunga mpya

Futa matundu ya krenki kwa kitambaa mpaka kitoke safi. Tafuta herufi kwenye ekseli: R ni kulia, L ni kushoto, ukihesabu kama umekaa juu ya baiskeli. Paka grisi nyembamba kwenye hesi zote. Grisi hii inazuia chuma cha ekseli kuganda ndani ya alumini ya krenki, na inaondoa ule mlio wa kukwaruza unaosikika kila unapokanyaga. Krenki ya kaboni ikija na washa zake, ziweke kati ya pedali na krenki.

Sasa weka spana kando kabisa. Ekseli ni ya chuma kigumu na krenki kwa kawaida ni alumini. Zikigombana, krenki ndiyo inayoliwa. Shika pedali kwa vidole, inyooshe sawasawa na tundu, na uizungushe kwanza upande wa kufungua huku ukiigusisha tu. Utahisi mahali inapodondoka kidogo, kama kifuniko cha chupa kinapopata njia yake. Hapo ndipo geuza upande wa kukaza. Mizunguko mitatu ya mwanzo lazima iende kwa vidole bila kulazimisha. Ikikwama kwenye nusu mzunguko, toa, angalia herufi tena, futa, anza upya. Hesi iliyoingia upande inaweza kufika mwisho kwa nguvu ya spana na ikaonekana imekaa, kisha siku moja inang'oka na nyuzi zote za krenki.

Baada ya hapo kazi inaenda haraka: vika spana au aleni kwenye ekseli, ishikilie isizunguke, na uzungushe krenki kinyumenyume mpaka pedali ifike. Maliza kwa kukaza hasa. Shimano hutaka kati ya Nm (niutoni-mita) 35 na 55, yaani kwa spana ya kawaida ni kukaza kwa mkono wenye nguvu bila kuusimamia mpini kwa mguu.

Kliti

Vaa viatu ufunge kamba kama vile unaenda kuendesha. Kwa kidole, papasa upande wa ndani mpaka ukute mfupa uliotokeza nyuma ya kidole gumba. Weka alama juu ya kiatu. Fanya hivyo upande wa nje, kwenye mfupa wa nyuma ya kidole cha mwisho. Alama hiyo itaangukia nyuma zaidi. Vua, shusha alama zote mbili mpaka kwenye soli. Katikati ya kliti, panapokaa juu ya ekseli ya pedali, paanguke kati ya mistari hiyo miwili. Ukisita, rudisha nyuma milimita kadhaa kuliko kusogeza mbele: kliti iliyo mbele mno inachosha misuli ya shavu la mguu na mshipa wa kisigino.

Kwa kiatu cha bolti mbili, kibati chenye hesi kiko ndani, chini ya soli ya kuvalia, na kinateleza mbele na nyuma. Baadhi ya viatu vipya vimefunika sehemu hiyo kwa kipande cha mpira kinachokatwa au kufunguliwa kwanza. Ncha iliyochongoka ya kliti ya SPD inaangalia mbele.

Kwa pembe, kaa ukingoni mwa meza miguu ikining'inia na uitazame. Vidole vyako vikielekea nje kidogo, viatu navyo viachwe vielekee hivyo. Hapa wengi huchanganyikiwa: ili kiatu kielekee nje, pua ya kliti ndiyo inayozungushwa kwenda ndani. Kliti nyingi zinaruhusu mguu kuyumba nyuzi kadhaa za pembe kabla ya kuachia, na uhuru huo unasamehe makosa madogo. Ila rangi zinadanganya. Kwa SPD-SL, njano ni nyuzi 6, bluu 2, nyekundu 0. Kwa LOOK Keo, nyeusi ni 0, kijivu 4.5, nyekundu 9. Nyekundu ya Shimano ndiyo iliyofungwa kabisa, nyekundu ya LOOK ndiyo yenye uhuru kuliko zote. Anayebadilisha mfumo akafuata rangi aliyoizoea atapata kinyume cha alichokitaka.

Paka grisi kwenye hesi za bolti na chini ya vichwa vyake. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, mpaka Nm 5 hadi 6. Kisha chora mstari kuzunguka kliti. Kliti ikisogea wakati wowote, mstari utakuambia.

Usipuuze bolti hizi. Ikidondoka moja, kliti inazunguka juu ya ile iliyobaki: unageuza kisigino, kiatu kinageuka, kliti inabaki palepale mdomoni mwa pedali. Hakuna kuachia. Ukikutwa na hali hiyo, usihangaike na pedali. Egemea mti au ukuta, fungua kamba, toa mguu ndani ya kiatu.

Springi na mazoezi

Legeza springi mpaka karibu na mwisho wa upande wenye alama ya kutoa (−), bila kuing'oa skrubu. Pedali ya pande mbili ina skrubu mbili, kwa hiyo jumla ni nne. Hesabu mibofyo ili zote zilingane. Ukisahau moja, mguu utatoka kirahisi asubuhi na kugoma mchana, kulingana na upande uliokanyaga.

Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli. Kuingia: pua ya kliti mbele, kisha kanyaga. Kutoka: kisigino nje. Kuvuta mguu juu hakusaidii, na ndivyo mwili unavyotaka kufanya ukishtuka, kwa hiyo rudia mara 30 kila mguu mpaka kisigino kijue njia yake chenyewe. Ukitoka barabarani, toa mguu mita kumi kabla ya kusimama na uegemee upande wa mguu ulio huru. Maanguko mengi ya wiki ya kwanza ni ya mtu aliyetoa mguu wa kushoto, baiskeli ikalalia kulia.

Pima na kiti. Viatu na pedali mpya hubadilisha umbali kati ya soli na ekseli: weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba, kisha inua au shusha kiti inavyohitajika.

Baada ya safari ya kwanza, kaza pedali na bolti za kliti tena, na uangalie ule mstari. Goti likianza kuuma, rekebisha pembe kwanza, kwa milimita moja au mbili, jambo moja kwa safari moja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Mchanga ukijaza vichwa vya bolti za kliti, ukwangue kwa pini kabla ya kuingiza aleni. Aleni isipozama mpaka chini inakula pembe za kichwa, na bolti iliyokuwa ya kufunguliwa kwa dakika moja itahitaji kutobolewa kwa drili. Tone la mafuta ya cheni kwenye springi, ukifuta yanayobaki, linatosha. Na mguu ukianza kuchomoka wenyewe ilhali springi imekazwa, usiongeze kukaza: kliti imelika, nunua nyingine.