Mbwa Anayevuta Kamba
Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Basi mnyime faida hiyo: kamba ikikaza, simama kimya; ikilegea, hata akigeuza kichwa tu, mpe kijipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, ubavuni pako, ndani ya sekunde 1. Ukichelewa, atakuwa ameshaanza jambo jingine, nawe utakuwa umemtuza kwa sababu ya kunusa majani, si kwa kulegeza kamba. Anza ndani ya nyumba, dakika 5, kwa kamba ya mita 2. Mvishe mkanda wa kifuani, si mnyororo wa kukaba, ambao huumiza shingo na kumtia hofu. Kinachoharibu kazi yote ni kumwachia avute siku mojamoja: hapo hujifunza kung'ang'ania. Akipiga miayo na kujilamba midomo ovyo, ameelemewa. Acha, mkaendelee kesho.